Matendegu Marefu ya Mzee Ziro

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipoiweka randa juu ya meza ukasema unakwenda kunywa chai. Ulikaa kwenye kile kiti chako chenye mguu mfupi, ukalalamika kwamba kifua kinakubana, na kabla Mama hajageuka na birika ulikuwa umeshatutoka. Chai ilibaki mezani ikapoa. Randa nayo ilibaki pale ulipoiweka, na maranda yake mdomoni, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kuigusa.

Wengi watakaosoma haya hawakukujua kama seremala, na tuseme kweli, hukuwa seremala. Ulikuwa mpishi. Uliwapikia wanafunzi wa bweni hadi ukastaafu, na watu wazima wenye vitambi hapa Malindi bado wakikutana nasi sokoni hutuuliza siri ya maharagwe yako. Useremala ulikuingia uzeeni, kama homa inavyomwingia mtu, na haukukutoka tena.

Banda lako ulilijenga nyuma ya nyumba, hapa Kisumu Ndogo, kwa mabati ya kuokota na milango ya hoteli moja iliyobomolewa. Kuta zote zilikuwa milango, hata mgeni akija alizunguka akijaribu komeo moja baada ya jingine mpaka apate lililofunguka. Jiriwa ya kubania mbao uliitengeneza kwa jeki ya gari. Misumari iliyopinda uliinyoosha ukaipanga kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, midogo kando, mikubwa kando. Ulikuwa na furaha humo ndani. Tulikusikia ukiimba, na wewe hukuwa mtu wa kuimba.

Lakini upishi haukukutoka. Mbao uliyokuwa ukiipiga msasa ulisema inakaribia kuiva. Gundi ikikauka vibaya ulisema imeungua. Na kipimo chako kilikuwa jicho, kama ulivyopima chumvi. Mwanao Cynthia alikununulia futi kamba nzuri ya chuma, ukamshukuru sana, ukaitumia kufungia mlango wa banda la kuku.

Jikoni ulizoea kupunguza. Ulituambia mara nyingi kwamba mchuzi ukipungua chumvi utaongeza, ukizidi umeharibika. Mazoea hayo uliyahamishia bandani, ukasahau kwamba mbao ikishakatwa haina wa kuiongeza. Ndiyo maana kiti chako kina mguu mfupi. Ndiyo maana rafu ya sebuleni haikufika ukutani, na mlango wa bafu unaishia magotini, hivi kwamba mtu akioga nyumba nzima humjua kwa miguu yake. Ni mbuzi za kukunia nazi tu ambazo hukuwahi kukosea, kwa sababu mbuzi hutakiwa kuwa fupi. Hakuna bi harusi wa mtaa huu aliyekwenda kwa mumewe bila mbuzi yako, na hukuwahi kumsahau hata mmoja.

Jambo jingine, hukuwa unasema unatengeneza nini. Ulikuwa na sababu. Kabati la vyombo lilipokataa kuwa kabati, uliligeuza likawa tundu la kuku, ukampelekea jirani yetu Bi Khamisa, naye akakuombea dua ndefu bila kujua kwamba kuku wake wanalala kabatini. Mama akikuuliza, "Hichi sasa ni nini, Baba Pamela?" jibu lako lilikuwa moja: "Subiri kiive."

Na hivyo ndivyo ulivyomjibu siku ulipokivunja kitanda.

Kitanda chenyewe unakijua. Ni kile cha kamba, cha mbambakofi, mlichokuja nacho kutoka Adu mlipooana, kifupi, kilichoketi karibu na sakafu. Sote tulizaliwa juu yake. Mama alirudi kutoka sokoni akakuta umekata kamba, umekitoa matendegu yake, ile miguu minne, na ile mifumbati, zile mbao mbili ndefu za ubavuni, umeibeba bandani. Alikasirika. Alikuuliza kitanda kizima wakivunjia nini mzee mwenye akili zake. Ukasema asubiri kiive. Mkalala kwenye mkeka, Mama akageukia ukuta, na mkaishi hivyo siku chache, wewe ukiimba bandani na yeye akinuna jikoni. Mpaka siku ya chai.

Hanga la msiba likamkuta Mama yuko chini tayari.

Kwetu, kama unavyojua, hanga likikaa wafiwa hulala chini. Siku ya kuliondoa watu hunyolewa, nyumba hufagiliwa hadi uvunguni, na kila mtu hurudi kitandani kwake. Mama alinyolewa, akafagia, akakusanya mikeka ya wageni akaikunja. Kisha akasimama mlangoni mwa chumba chenu na kukuta hana pa kurudi. Akautandaza mkeka wake tena.

Tulidhani ni jambo la siku mbili tatu. Pamela alimletea kitanda cha wanawe, akakirudisha. Bi Khamisa alimtolea kitanda cha mbao kilichokuwa kwake hakina mtu, akashukuru, akakataa. Alikuwa akikitaka kile cha bandani, na alipobanwa sana na Pamela alieleza mara moja tu. Alisema mlikuwa mmegombana juu ya kitanda hicho, ugomvi haujaisha, na yeye hawezi kuumaliza akiwa juu ya kitanda cha mtu mwingine.

Lakini magoti yake, Baba, hayakutaka kujua habari za ugomvi. Kila asubuhi alitambaa hadi ukutani, akaukamata kwa mikono miwili, akapanda nao taratibu mpaka akasimama. Sisi tuliona. Palikuwa na alama ya viganja vyake kwenye chokaa.

Baba mdogo Sanga, nduguyo, alikuja kutoka Adu na gunia la mahindi. Alikaa, akanywa maji, akasalimu watu wote mpaka kuku, ndipo akaanza.

"Shemeji, hanga tuliliondoa. Wewe mbona bado u chini?"

"Nangoja kitanda changu."

"Wangoja. Na mie huko Adu naulizwa. Wasema mke wa Ziro hajaondolewa hanga, ati ndugu za mume wamemtupa sakafuni kama gunia. Wasema na marehemu mwenyewe hapumziki, maana mkewe bado yuamlilia chini."

"Waambie simlilii. Namkasirikia."

Baba mdogo alicheka kidogo, kisha akaona kwamba Mama hafanyi mzaha. Akamtazama magoti. Ni mtu mwema, nawe wamjua, ila wema wake una haraka.

"Basi tupatane," akasema. "Siku ya kumbukumbu ya mwaka nitakuja na kitanda cha dukani, na nikikukuta bado u chini, zile mbao nitazibeba nikajengee zizi la mbuzi. Utalala kitandani, utake usitake."

"Haya," Mama akasema. "Nimekubali."

Akikubali jambo Mama hulishika, na hilo ndilo lililotutia hofu.

Akaanza kwenda bandani. Mwanzo alifagia tu. Kisha akaitoa randa yako, akaivuta maranda mdomoni, akaipaka mafuta ya nazi. Halafu akazitafuta sehemu za kitanda moja moja katikati ya vitu vyako, maana ulikuwa umevipanga kwa utaratibu ulioujua peke yako. Vile vitakizo viwili, vipande vya kichwani na miguuni, vilikuwa tayari, vimetobolewa matundu. Mifumbati ya mbambakofi ulikuwa umeichonga ndimi mpya za kuingia kwenye matundu hayo. Matendegu manne mapya, ya mwarobaini uliokatwa uani, yalikuwa yamesimama nyuma ya mlango mmojawapo, yamefunikwa gunia. Mama hakuwa mgeni wa kazi ile. Miaka yote hiyo alikuwa akikushikia ncha ya pili ya mbao, na "shika hapo" ndiyo ilikuwa salamu yenu ya mchana.

Mwanao Marvin alikuja Pasaka kutoka Mombasa, akavua shati, akasema kazi hiyo ni ndogo. Aligonga kidole gumba, akarudi Mombasa na bendeji. Hatutaendelea kulisema hilo, kwa kuwa ameomba tusiliseme.

Miezi ikaenda. Wiki hii ya kumbukumbu ilipokaribia, Mama alimwita fundi Musyoka, ambaye ni seremala kweli, mwenye karakana yake na mashine. Siku aliyokuja fundi, baba mdogo Sanga naye alikuwa ameshafika. Alikuja mapema na hakuja mikono mitupu: mkokoteni ulimshushia mlangoni kitanda cha dukani, kimefungwa nailoni, na godoro lake. Kikaegemezwa sebuleni. Mama alipita mbele yake kwenda na kurudi jikoni bila kukitazama.

Musyoka alifanya kazi kwa adabu. Aliingiza ulimi wa kwanza kwenye tundu lake, akaugonga kwa nyundo ya mbao, ukaingia kwa kubana. Akaguna. Akaingiza wa pili, wa tatu. Akasema mzee alikuwa na mkono. Mama alisikia hayo akiwa amesimama kando na moyo ukamtulia kidogo. Kisha kitanda kikasimamishwa pale bandani kwa miguu yake minne, na kikayumba.

Musyoka akatoa futi. Akapima tendegu moja moja, akarudia kupima.

"Mama, samahani," akasema. "Mzee alikuwa fundi, lakini hapa alikosea. Kwanza haya matendegu ni marefu mno, sijawahi kuona kitanda kimesimama juu hivi. Halafu hili moja limezidi wenzake. Nikiyakata yote yafike hapa, kitanda kitakuwa cha kawaida na hakitayumba."

"Kata, fundi," baba mdogo akasema. "Ndugu yangu, futi yake ilifungia kuku."

Tulicheka, na Mama alicheka pia. Alikuwa ameishi na kiti chako, rafu yako na mlango wako wa bafu, na alijua kuliko mtu yeyote jinsi unavyokosea. Musyoka akakipindua kitanda ubavu, akachora mstari wa penseli juu ya tendegu lile lililozidi, akachukua msumeno. "Mama, nishikie hapa kidogo," akasema. Mama akainama, akashika.

Msumeno ulikwenda na kurudi mara chache. Unga wa mwarobaini ukamwangukia Mama vidoleni, harufu yake chungu ikapanda. Alituambia baadaye kwamba wakati huo hakuwa akiwaza lolote la maana, ila alikuwa akivihesabu vitu vyako moyoni: kiti kifupi, rafu fupi, mlango mfupi.

"Ngoja," akasema.

Musyoka akasimamisha msumeno.

"Wangoja nini tena, shemeji?" baba mdogo akauliza.

"Baba Pamela alikosea maisha yake yote, sikatai. Lakini wewe ni nduguye, mlikua pamoja. Hebu nitajie kitu kimoja alichokosea kwa kuzidisha."

Baba mdogo akafungua mdomo. Akatazama kiti. Akatazama nje, kwenye mlango wa bafu. Alifikiri kwa bidii, tulimwona, maana ni mtu asiyependa kushindwa.

"Hakuna," Mama akasema. "Huyu mtu alikuwa na mkono wa kupunguza. Akizidisha, ametaka. Fundi, toa msumeno. Tukiingize chumbani kama kilivyo. Kikiyumba huko, mkate mnavyotaka, na mie nitalala kwenye hicho cha nailoni na sitasema neno."

Alikuwa ameweka kila kitu rehani kwa kauli hiyo, nasi tulilijua hilo. Tulikibeba kitanda, tukiwa wanne pamoja na fundi, tukakipitisha uani, Bi Khamisa akitutangulia kuwafukuza kuku wake na kusema bismillahi kwa niaba ya watu wote. Tukakiweka pale kilipokuwa kile cha zamani, kichwa upande wa dirisha.

Sakafu ya chumba hicho uliimwaga mwenyewe, Baba. Saruji ilikupungukia, kama kawaida yako, ulipofika kona ya dirishani, ukaisawazisha kwa maji na matumaini. Kile kitanda cha zamani kilikuwa na kipande cha kigae chini ya mguu wa kona hiyo tangu tukiwa watoto, hata hakuna aliyekiona tena, na siku ya kuondoa hanga kilifagiliwa na takataka nyingine. Sote tulikuwa tumesahau kwamba kona ile imezama. Wewe hukusahau, kwa sababu kosa lilikuwa lako.

Tendegu lile refu lilishuka kwenye kona yake na kutulia. Musyoka akaweka goti juu ya mfumbati akasukuma. Akaenda upande wa pili akasukuma. Akakaa kwa kishindo. Kitanda hakikutikisika hata kidogo.

"Haya," akasema, na alikuwa muungwana katika kusema. "Kusimama, kimesimama. Ila bado kiko juu mno, mama. Nikitaka naweza kuyapunguza yote sawasawa, nusu ya—"

Mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameshatandika mbao za kulalia badala ya kamba ulizozikata, akaweka godoro lake la zamani juu, akageuka, akakaa.

Hakushuka kwenda kukaa. Kitanda kilimpokea pale pale alipokuwa. Nyayo zake zote mbili zililala sakafuni, magoti yake yakiwa chini kidogo ya nyonga. Alikaa hivyo, mikono mapajani. Kisha akasimama. Hakushika ukuta, hakumshika mtu, alisimama tu kama mtu anayesimama kumpisha mgeni. Tulimtazama. Akakaa tena, akasimama tena, polepole, kama asiyeamini kwamba itakubali mara ya pili.

Hakuna kitanda cha dukani kinachotengenezwa kwa urefu huo. Urefu huo ni wa mtu mmoja.

"Alinipima lini?" Mama akauliza.

Hakuna aliyejua. Tulikutazama mwaka mzima wa mwisho tukidhani unatazama mbao.

Musyoka alikusanya vyombo vyake bila kusema tena habari za kukata. Alitaka kuujaza ule mfereji mdogo wa msumeno kwa gundi na unga wa mbao usionekane, Mama akamwambia auache. Baba mdogo Sanga alitoka nje akakaa kwenye kiti chako, akakaa sana. Aliporudi ndani alisema kitanda cha nailoni atakwenda nacho Adu, mgongo wake mwenyewe unamsumbua na hakutaka kutusumbua kwa kutuambia. Tumemsaidia kukifunga kwenye gari pamoja na godoro.

Siku ya Jumamosi tutakuwa Adu kaburini asubuhi, kisha ibada ya nyumbani hapa Kisumu Ndogo baada ya adhuhuri. Jirani zetu wote wa dini zote mnakaribishwa. Maharagwe yatapikwa na Cynthia, na tunaomba radhi mapema.

Baba, banda lako hatukulivunja. Mama ameuchukua ufunguo. Juzi Bi Khamisa alileta kiti chenye mguu uliolegea na Mama akautia gundi mwenyewe, akaubana kwenye jeki yako, akamwambia Bi Khamisa arudi kesho. Tulimsikia humo ndani. Haimbi, lakini hanuni.

Tulipokaa kuandika tangazo hili tulimuuliza angependa tukuandikie nini kutoka kwake. Alisema watu huandika maneno mengi mno kwenye matangazo haya. Tukamsihi. Akafikiri, kisha akasema, "Mwandikieni kwamba nimelala."

Unakumbukwa na mkeo Kahaso. Wanao Pamela, Cynthia na Marvin. Nduguyo Sanga na jamaa wote wa Adu na Marafa. Wakwe na wajukuu. Jirani yako Bi Khamisa na nyumba yake. Pamoja na wote waliowahi kula chakula chako au kuketi juu ya kazi yako.

Hatutakusahau, Baba, siku zote tutakazopewa.